Rafu ya vitabu kwenye kibanda cha fundi: shajara ya mradi, Januari hadi Agosti

6 Januari

Rafu imesimama. Seremala wa jirani ameiunda kwa mbao za mapaleti, ngazi tatu, nami nimemlipa kwa kumshonea suruali mbili za kazi. Tumeipigilia ukutani juu ya benchi la wateja, hapa kibandani kwangu Ngamiani, Tanga. Vitabu ni 34. Kumi na tisa vilikuwa vyangu, vingine nimevinunua kimoja kimoja kwa wale wanaotandika vitabu chini kando ya barabara, shilingi 2,000 hiki, 3,000 kile, vingi vikiwa na mihuri ya shule na majina ya wanafunzi ambao sasa huenda wana wajukuu.

Niandike nia yangu leo, maana kazi zikinizidi nitaisahau. Nimeshona miaka 17. Mteja akija na kukuta bado napachika vishikizo, atakaa nusu saa, saa nzima wakati mwingine. Nataka awe na kitu cha kusoma, kikimnogea akiazime, na akikimaliza aniandikie alivyokiona. Maneno ya wahakiki nimeyasoma sana shuleni na baada ya shule. Ya mama muuza vitumbua sijawahi kuyasoma popote.

Utaratibu ni huu: nyuma ya kila kitabu nimegundisha bahasha ya kaki, na ndani yake nimetia vipande vya karatasi ninayochorea paterni. Anayeazima naandika jina lake kwenye kurasa za mwisho za daftari la vipimo. Halipwi mtu, hatozwi mtu.

20 Januari

Msimu wa sare, kibanda kimejaa wazazi. Kitabu cha kwanza kutoka ni Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Aliyekichukua ndiye huyo huyo mama wa vitumbua, aliyekuja kushonesha sketi mbili za shule na kuomba nimsubiri hadi mwisho wa mwezi. Kimekaa kwake siku nne. Kipande chake ndicho cha kwanza kabisa cha mradi huu, nakinakili kama kilivyo: "Zita na Peter wamerudishwa nyumbani hawana ada na sare. Fundi, mwandishi hakututajia sare yenyewe ilikuwa bei gani. Mimi nilikuwa nasubiri anitajie."

Nimekisoma kitabu hicho zaidi ya mara moja, na sare ndiyo riziki yangu kila Januari. Swali la bei halikunijia hata siku moja. Nimekaa na kile kipande mkononi mpaka pasi ikapoa.

3 Februari

Vipande vimefika 11, na nimevunjika moyo kidogo. Tisa kati ya hivyo vinafanana kama vimetoka kalamu moja. Mwandishi amefaulu kifani na kimaudhui. Dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke. Ujumbe tunaoupata ni kwamba. Mmoja wa walioandika hivyo ni baba wa makamo anayeuza vipuri vya baiskeli, aliyeacha shule zamani za miaka ya themanini. Nilimwona kwa macho yangu akicheka peke yake kwenye benchi alipokuwa akisoma Ngoswe, tamthilia ya Edwin Semzaba kuhusu karani wa sensa anayetoroka na binti wa mwenyeji wake Mitomingi, naye Mitomingi akazichoma karatasi za sensa. Alipopewa kalamu akakaa wima, akaandika kuhusu "nafasi ya mwanamke katika jamii". Kicheko chote kikaishia kwenye benchi.

Sitaki kuwasema walimu vibaya. Bila wao nisingeijua hata herufi, na mtihani una masharti yake. Lakini naona tulivyozoeshwa: kitabu kikifungwa, mtu anajiona yuko ndani ya chumba cha mtihani, na mimi mwenye kibanda nimegeuka msimamizi. Kosa ni langu pia. Juu ya kila kipande nilikuwa nimepiga mstari na kuandika "Toa maoni yako", na neno "toa" ndilo lile lile la karatasi ya maswali.

10 Februari

Nimetupa vipande vya zamani vilivyokuwa havijaandikwa. Vipya vina maswali matatu, kwa mkono wangu: Ni wapi ulitaka kukifunga, au ulikataa kukifunga? Ndani yake yumo nani ambaye ungemkaribisha kwako, na nani usingemfungulia mlango? Ungempa nani kitabu hiki akisome?

Yule baba wa vipuri nimemrudishia Ngoswe na kipande kipya. Amejibu swali la pili tu: "Mitomingi ningemkaribisha, nimwonee huruma. Ngoswe asinikaribie, nina mabinti." Hapo nimemsikia mwenyewe.

24 Februari

Leo nataka kuandika kwa kirefu, kwa sababu yametokea mazungumzo ambayo sikuyatarajia.

Mabepari wa Venisi niliiweka rafuni kwa heshima tu. Ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ya mchezo wa Shakespeare, na lugha yake inahitaji mtu atulie. Nilijua kitapigwa vumbi. Kikachukuliwa na dada anayeuza samaki wa kukaanga, mwenye marejesho ya mkopo kila wiki. Huku kwetu mikopo hiyo inaitwa kausha damu, na kila anayesoma hapa anajua kwa nini: unachukua laki, unarejesha kila wiki pamoja na riba, ukichelewa wanabeba televisheni na godoro.

Alirudi Jumamosi asubuhi na kitabu mkononi, hakutaka kuandika, alitaka kusema. Watu wanne walikuwepo kwenye benchi. Akawasimulia: huyu Shailoki amekopesha, na dhamana aliyoandikiana na mdeni wake ni ratili moja ya nyama ya mwili. Siku imepita, fedha haijaja, anadai nyama yake mahakamani. Na kinachomshinda ni nini? Ni damu. Anaambiwa akate nyama, ila damu isidondoke hata tone, kwa kuwa hati haikutaja damu. "Mnaona?" akasema. "Huyu alinyimwa damu. Hawa wetu hawataki nyama kabisa, wanaanza na damu."

Mzee mmoja aliyekuja kupunguziwa kanzu akauliza kama mkopeshaji anaonewa mule kitabuni, maana naye alidhulumiwa na kutukanwa kwa dini yake kabla ya kudai. Yule dada akanyamaza, kisha akakubali kwamba ndiyo, wanamtemea mate halafu wanakuja kukopa kwake, na kwamba hapo ndipo alitaka kukifunga kitabu kwa sababu hakujua amwonee nani huruma. Nikamwuliza angempa nani akisome. Akasema angempa afisa mikopo wake, lakini asingekirudisha.

Jambo moja nimeliona mimi baada ya wao kuondoka. Kwa Kiingereza mchezo huo unamtaja mfanyabiashara mmoja kwenye jina lake. Mwalimu aliandika "mabepari", na wengi wao. Miaka yote nililiona jina hilo kama jina tu. Leo, baada ya kumsikiliza muuza samaki, nahisi kila mtu mwenye fedha mule ndani yumo kwenye jalada, anayedai na anayedaiwa.

Kipande nimeandika mimi kwa niaba yake, akakisoma, akarekebisha maneno mawili, akaweka sahihi.

2 Machi

Bi harusi mtarajiwa amekuja kupimwa gauni kwa mara ya pili. Nilikuwa nasubiri lesi kutoka dukani, akachukua kitabu chembamba chenye Utenzi wa Mwana Kupona, wosia wa mama kwa binti yake. Kinampa kazi msomaji wa leo, kwa sababu ni Kiamu, lahaja ya Lamu, cha mwaka 1858, na ilibidi nimweleze kwamba "negema" ni kusogea karibu na "pulika" ni kusikiliza. Yaliyobaki aliyapata mwenyewe, na alipofika kwenye mambo ya kumtumikia mume, kumkanda, kumpepea, uso ulimbadilika.

Kipande chake ni kikali: "Nilitaka kukifunga hapo anapoambiwa radhi ya mume ndiyo tiketi yake ya peponi. Simpi mtu. Fundi, kwa nini umeweka hiki kwenye chumba cha kupimia magauni ya harusi?" Bibi mmoja aliyekuwepo akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekariri nusu yake, na nyumba yangu imesimama miaka arobaini." Binti akamjibu kwa adabu, "Shikamoo bibi, lakini babu naye alikariri nini?" Bibi hakukasirika. Alisema hilo ni swali, akaendelea kula karanga zake.

Nimekiacha kitabu pale pale. Kipande nacho nimekiweka ndani ya bahasha, mbele kabisa.

9 Machi

Ramadhani inaingia. Kanzu na magauni ya sikukuu yananijia kwa mafungu, nasimamisha mradi hadi baada ya Idi. Rafu itabaki wazi, ila sitauliza mtu chochote.

14 Aprili

Nilisema nitasimama, wasomaji hawakusimama. Vijana watatu waliokuwa wakinisubiri nimalize kanzu zao usiku, baada ya tarawehe, walikigundua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mmoja akasoma kwa sauti, wawili wakasikiliza, mimi niko kwenye cherehani. Usiku wa kwanza kurasa kumi. Usiku wa tatu wakawa saba, na wawili kati yao hawakuwa na nguo yoyote kwangu.

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1960, ndicho cha kwanza cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa Zanzibar asiyetengana na kiko chake. Nilidhani vijana wanaotazama sinema za mapigano kwenye simu watachoka na mtu anayekaa kitini kufikiri. Walichopenda ni hicho hicho. Mmoja amejibu: "Ningemkaribisha Bwana Msa. Hakimbii. Anauliza maswali madogo madogo, halafu unaona wewe ndiye hukusikiliza." Mwingine hakupenda jinsi watumishi wanavyosemwa mule ndani, na nakubaliana naye, kuna mahali pa kukera, na sikuwahi kupaona nilipokuwa msichana.

Kuna mtu pia ameandika jina la muuaji kwa kalamu kwenye ukurasa wa tano. Nimebandika karatasi juu yake. Yeyote aliyefanya hivyo, akija namwomba aniambie tu sababu, nguo yake nitamshonea vilevile.

28 Aprili

Masika. Bati limevuja upande wa rafu, vitabu sita vimelowa. Nimevianika kwa kuweka karatasi ya kaki kati ya kurasa na kupitisha pasi ya uvuguvugu, vitano vimepona. Cha sita, diwani ya mashairi, kurasa zimegandana. Rafu nimeihamishia ukuta wa pili.

18 Mei

Rosa Mistika. Nilijua siku hii itafika.

Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na mpaka leo watu wazima hukitaja kwa sauti ya chini. Wiki mbili zilizopita mama mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, alimkuta binti yake wa kidato cha tatu amekishika kibandani. Alinijia baadaye peke yake, kwa upole, akaniomba nikitoe. Nikakipandisha ngazi ya juu, nyuma ya vingine. Nakiri kwamba nilifanya hivyo kwa kuogopa kumpoteza mteja, bila kufikiri zaidi.

Binti akarudi Jumatatu. Akaangalia rafu, akaniangalia mimi, akasema, "Anti, nilikuwa nimefika pale baba yake anapompiga kwa sababu ya barua. Nataka kujua kama kuna mtu atamuuliza Rosa barua ilikuwa na nini." Sikuwa na jibu. Nilijua yanayomngoja Rosa mbele, chuoni na baadaye, na nilijua kwamba mateso yote yale yanaanzia kwenye nyumba ambayo baba, Zakaria, anapiga na hazungumzi.

Jioni nilimpelekea mama yake kitabu, nikamwomba akisome yeye kwanza, kisha aamue. Akasita, akakichukua. Leo amekileta na kipande, kimejaa pande mbili, siwezi kukinakili chote kwa sababu kina mambo ya nyumbani kwake. Ila mstari wa mwisho ameniruhusu: "Usingemfungulia nani mlango? Zakaria. Ungempa nani? Nimempa mume wangu, yuko katikati."

Kitabu kimerudi ngazi ya kati. Sijakiweka ya chini, ambapo watoto wa msingi hufikia. Hapo nadhani nimepata kipimo kinachonikaa.

8 Juni

Mambo mawili mafupi. Kijana aliyefanya kazi ya karani wa sensa mwaka 2022 amesoma Ngoswe na kuandika kwamba wao walipewa vishikwambi, hakuna karatasi ya kuchomwa moto, lakini wasiwasi wa watu mlangoni ni ule ule: unahesabu watoto wangu ili iweje? Na vitabu viwili havijarudi, kimoja kikiwa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Mpelelezi wake, Willy Gamba, sitaraji kumwona tena. Kila niliyemwuliza anasema amempa rafiki, na rafiki naye ana rafiki.

29 Juni

Mzee wetu mstaafu wa reli amemaliza Kusadikika. Kwake si mara ya kwanza. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kule Machui, mwaka 1909, ni mwendo wa baiskeli kutoka hapa, na mzee humsema kama jirani aliyehama.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kusadikika, nchi iliyo angani, ni sura ya utawala wa kikoloni, maana kitabu kilitoka mwaka 1951, na maelezo hayo yana nguvu. Mzee hayakatai, ila hayamtoshi. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatupwa gerezani. "Shikamoo baba," nikamwambia, "niandikie basi wewe unaonaje." Ameandika: "Nimefanya kazi chini ya mabosi wengi. Nilitumwa mara mbili kwenda kujifunza kazi mpya. Nikirudi, nilichojifunza kiliwekwa kwenye droo. Sikufungwa, ila nilikaa kimya mpaka nastaafu. Majivuno nimemjua kwa majina kadhaa. Karama anasema mno, lakini angalau alisema."

Sehemu ya "Karama anasema mno" ni mara ya kwanza mtu kumkosoa Shaaban Robert kwenye rafu hii. Wengine wote wamemsifu kabla hawajafungua ukurasa. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu akimkosoa mwandishi namna ile, amekaa naye.

Wiki hiyo hiyo kijana wa bodaboda amerudisha Siku Njema ya Ken Walibora. Kinaanzia hapa hapa Tanga, mama wa kijana aitwaye Kongowea akiwa mwimbaji wa taarabu, kisha kijana anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba. Kipande: "Sikujua Tanga inaingia kwenye kitabu. Nilipofika Kenya naye nikataka kurudi. Bahati inamsaidia sana mwishoni, ila na mimi ningetaka inisaidie." Mwandishi mwenyewe alikuwa Mkenya. Nilipomwambia kijana hivyo, alirudi nyuma kurasa kadhaa kutazama tena.

20 Julai

Nimehesabu. Vipande 97. Mzimu wa Watu wa Kale kinaongoza kwa 14, Rosa Mistika 11, Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi 9, karibu vyote vikibishana kuhusu kama Yasmin alikuwa na haki ya kumkimbia mumewe, Bwana Raza. Wanawake wote wanasema ndiyo. Wanaume wanasema ndiyo, lakini wanaongeza sentensi.

Nagona cha Kezilahabi kimeazimwa mara sita, kikarudi mara sita bila kumalizwa. Nilikaribia kukitoa. Ijumaa, muuguzi wa zamu ya usiku akawa wa saba, akakimaliza: "Sikuelewa, lakini sikutaka kukifunga. Ni kama kumsikiliza mgonjwa mwenye homa usiku, maneno yake hayashikani na bado unajua anasema kitu cha kweli." Kinabaki.

Vitabu vya watoto sina hata kimoja, na hilo ni pengo. Watoto hukaa kwenye benchi wakichezea vitufe. Mwezi ujao fedha ya rafu inakwenda huko kwanza.

17 Agosti

Nanakili vipande vyote kwenye kauntabuku, kimoja kimoja kwa mpangilio wa vitabu, ili anayekuja aweze kusoma waliomtangulia. Nimefika cha 60.

Leo ameingia yule bi harusi wa Machi, kuongezewa kiuno cha gauni. Ana miezi minne. Wakati nafumua mshono akaomba kipande chake cha Utenzi wa Mwana Kupona, akakisoma, akaomba akichane. Nikamkatalia. Nikampa kingine kitupu.

Ameandika taratibu, akinyanyua kichwa mara kwa mara: "Mambo ya mume bado siyakubali. Ila mara ya kwanza nilisoma mume peke yake, nikamruka mama. Anaumwa, anajua hatachelewa kuondoka, anamwita binti yake asogee karibu. Ningempa mwanangu, na pembeni ningeandika nisiyoyakubali."

Nimevibana viwili pamoja kwa pini, cha Machi mbele. Kisha nikaongeza inchi mbili kiunoni, na nyingine moja nimeiacha ndani ya pindo, ataihitaji kufika Oktoba.